Bingwa wa Magonjwa ya Ndani Afundwe Nyumbani

Kabla Waingereza hawajafungua hospitali mjini Kisii mwaka 1916, Abagusii, wenyeji wa eneo hilo, walikuwa tayari na mabingwa wao. Waliojulikana zaidi ni ababari, wapasuaji wa kichwa. Mtu akipigwa rungu au akianguka na fuvu likabonyea, omobari alifungua ngozi, akakwangua mfupa ulioharibika kidogo kidogo, kisha akafunika jeraha na kumuuguza mgonjwa wake. Tangu miaka ya 1950 madaktari wa kigeni waliandika habari za upasuaji huo katika majarida ya kitabibu, wakistaajabu jinsi wengi walivyopona.

Omobari hakusafiri mbali kuitafuta kazi hiyo. Kwa kawaida aliirithi kwa baba yake. Alisimama kando ya mzee, akashika vyombo, akatazama mgonjwa mmoja baada ya mwingine, hadi siku alipoaminiwa kushika kisu mwenyewe, mzee akiwa bado yuko karibu. Ujuzi ulikaa pale wagonjwa walipokuwa.

Ubingwa wa udaktari duniani kote bado hufunzwa hivyo. Chuo humpa mtu shahada ya kwanza, lakini ubingwa huupata kitandani kwa mgonjwa, chini ya jicho la aliyemtangulia. Kilichobadilika ni mahali. Kwa miongo mingi, kijana wa Gesima aliyekwisha kuwa daktari na anayetaka ubingwa wa magonjwa ya ndani imembidi aiache Nyamira, aende Nairobi au Eldoret kwa miaka kadhaa, na wengi hawarudi. Wakati umefika kazi hiyo ya kulea mabingwa ifanyike hapa, katika hospitali za Kisii na Nyamira.

Mama wa Gesima na maswali sita

Gesima ni mojawapo ya wadi sita za eneobunge la Kitutu Masaba, katika Kaunti ya Nyamira. Ni nchi ya vilima, migomba na majani chai, na mashamba yake yamegawanywa hadi yakawa vipande vidogo. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 605,576 katika Nyamira na 1,266,860 katika Kisii. Ukiwajumlisha, hawa ni karibu watu milioni 1.9 wanaoishi katika mojawapo ya sehemu za mashambani zenye msongamano mkubwa zaidi nchini Kenya.

Tuchukue mfano wa mgonjwa ambaye kila daktari aliyefanya kazi Gusii, yaani Kisii na Nyamira, atamtambua. Ni mama wa miaka 62, mchuma chai. Kwa miezi mitatu amekuwa akiishiwa pumzi anapopanda mlima. Miguu imevimba. Usiku hawezi kulala chali, sharti aegemee mito. Kwenye zahanati amepimwa malaria mara mbili na kupewa dawa ya kifua. Watoto wake wanachanga nauli, wanampandisha matatu hadi Keroka, na kutoka hapo wanashika barabara kuu kuelekea Kisii.

Dalili zake zinaweza kuwa na vyanzo sita tofauti. Huenda moyo umechoka kwa presha ya miaka mingi ambayo haikutibiwa. Huenda vali za moyo ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi aliyougua utotoni. Huenda ni figo. Huenda damu imepungua mno. Huenda kifua kikuu kimejaza maji katika utando unaouzunguka moyo. Au ni mapafu yaliyoharibiwa na moshi wa jiko la kuni kwa miaka 40. Kila kimoja kina tiba yake, na tiba ya kimoja inaweza kumdhuru mwenye kingine. Mtu ambaye moyo wake umebanwa na maji, ukimpa kwa wingi dawa za kukojoza zinazomfaa mwenye moyo uliochoka, msukumo wake wa damu unaweza kuporomoka.

Kuyatenganisha hayo sita ndiyo kazi ya bingwa wa magonjwa ya ndani. Hapasui mtu wala hazalishi. Husikiliza, hutazama mishipa ya shingo, hugusa tumbo, huweka sikio kifuani, huamua kipimo kipi kinahitajika na kipi ni kupoteza pesa za mgonjwa, kisha huunganisha yote kuwa uamuzi mmoja. Wagonjwa watu wazima wenye kisukari, presha, kiharusi, figo, ini, moyo, kifua kikuu au virusi vya Ukimwi wote huangukia mikononi mwake. Kadiri watu wanavyoishi miaka mingi zaidi, wodi yake ndiyo inayojaa.

Magonjwa ya hapa yana masomo yake

Kuna wanaodhani kwamba hospitali ya mashambani ni mahali pa kupelekwa baada ya kujifunza, na kwamba masomo yenyewe yako mjini. Historia ya malaria katika Gusii inawajibu.

Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Katika baridi ya mwinuko huo malaria haikai mwaka mzima kama inavyokaa kando ya Ziwa Victoria, kwa hiyo watu wazima hawajengi kinga ya kutosha. Mvua za masika zikizidi na joto likapanda kidogo, ugonjwa huvamia kwa ghafla na kuwalaza watu wa rika zote. Mwishoni mwa miaka ya 1980, na tena katika miaka ya 1990, milipuko ya namna hiyo ilijaza wodi za Kisii, Nyamira na Kericho. Ilikuja wakati ambapo klorokwini ilikuwa ikishindwa na vimelea, hata Kenya ikaiacha mwaka 1998, na mwaka 2004 ikachagua dawa mseto za artemisinini.

Daktari aliyelelewa Kisumu amezoea malaria inayoua watoto wadogo. Aliyelelewa Nairobi huiona zaidi kwa wasafiri. Lakini katika Gusii mwaka wa mlipuko, baba wa miaka 45 aliyechanganyikiwa akili kwa homa anaweza kuwa na malaria ya ubongo, au homa ya uti wa mgongo, au vyote viwili, na uamuzi unatakiwa katika saa ya kwanza. Somo hilo linapatikana wodini hapa.

Yako mengine. Upande wa pili wa mpaka, Bomet, saratani ya umio imekithiri kiasi kwamba Hospitali ya Tenwek imeifanyia utafiti kwa miaka mingi. Mkulima aliyekunywa sumu ya kunyunyizia mimea huletwa usiku akitokwa na mate na mapafu yamejaa maji, na maisha yake hutegemea daktari anayejua kumwongezea atropini dakika kwa dakika, bila kuogopa kiasi. Kijana mwenye virusi vya Ukimwi anakuja na maumivu ya kichwa yasiyoisha. Sindano ya uti wa mgongo itaonyesha kama ni fangasi wa ubongo, na sindano hiyo hiyo, ikirudiwa siku kwa siku, itapunguza shinikizo linalotishia macho na uhai wake.

Kisha yako mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha kiada. Mgonjwa wa kisukari ambaye hana friji nyumbani anaweza kuihifadhi insulini yake katika chungu chenye ubaridi wa maji. Mkulima wa chai hupata pesa ya maana bonasi inapolipwa, na daktari anayemwandikia dawa za bei ya juu bila kujua kalenda hiyo atashangaa mbona presha haishuki. Nyanya wa Gesima hueleza ugonjwa wake kwa Ekegusii, kwa mzunguko, akianza na nani alifariki lini na shamba liligawanywaje, na ndani ya maelezo hayo ndimo dalili ilimofichwa. Daktari anayelelewa katika jamii hii hujifunza kungoja hadi dalili itokee.

Ubingwa unavyojengwa wodini

Mfumo wa sasa wa kulea mabingwa ulipata sura yake katika Hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore nchini Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1889. William Osler, aliyeongoza idara ya magonjwa ya ndani hapo, aliwaweka madaktari vijana hospitalini kwa miaka, akawaongezea wajibu hatua kwa hatua, na akawatoa wanafunzi wa udaktari katika kumbi za mihadhara akawaleta wodini. Mpango huo ulienea duniani kote na haujapata mbadala.

Siku ya kazi huanza na raundi. Daktari mwanagenzi, yule aliye katika mwaka wake wa kwanza baada ya shahada, anasimama kando ya kitanda na kueleza historia ya mgonjwa, alichokiona alipompima, na majibu ya maabara. Daktari anayesomea ubingwa anamuuliza maswali: kwa nini unadhani ni moyo na si figo? Ulitazama shingo? Kama dawa hii haitafanya kazi kufikia kesho, utafanya nini? Kisha bingwa mwandamizi anawasikiliza wote wawili, anampima mgonjwa upya kwa mikono yake, na kusahihisha. Kitanda kimoja kinafunza watu watatu wa ngazi tatu, na mgonjwa anapata macho matatu.

Katika mwaka wa kwanza mwanafunzi wa ubingwa huzama katika zamu za usiku na kujifunza kutambua nani atakufa kabla ya asubuhi asiposhughulikiwa sasa. Baadaye huzungushwa: chumba cha wagonjwa mahututi, kitengo cha kusafisha damu ya wenye figo mbovu, kliniki za kisukari, kifua kikuu na Ukimwi. Mwishoni huongoza wodi mwenyewe na kuandika tasnifu ya utafiti. Njiani anajaza daftari la kazi linaloonyesha alichofanya kwa mikono yake na nani alimsimamia: maji aliyotoa mapafuni, sindano za uti wa mgongo, picha za ultrasaundi ya moyo.

Kikao kigumu kuliko vyote ni cha mapitio ya vifo. Idara nzima huketi na mafaili ya waliofariki, ikaulizana iwapo dawa ilichelewa, iwapo kipimo kilisahauliwa, iwapo simu ilipigwa usiku na hakuna aliyeitikia. Hospitali inayolea mabingwa haiwezi kukikwepa kikao hicho, kwa sababu ni sehemu ya mtaala. Hospitali isiyolea mtu inaweza kukaa miaka bila kukifanya. Hapo ndipo mafunzo humfaidi mgonjwa ambaye hata hajui kwamba kuna mtu anayefunzwa. Wodi yenye wanafunzi ni wodi inayoulizwa maswali kila asubuhi.

Nairobi, Eldoret, na jirani yetu Tenwek

Wengi wa Wakenya wa kwanza kuwa madaktari walisomea Makerere, Uganda, ambako mafunzo ya udaktari yalianza mwaka 1924. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha kitivo chake cha udaktari mwaka 1967, Hospitali ya Kenyatta ikawa darasa lake, na katika miaka ya 1970 kikaanza kutoa shahada za ubingwa. Kwa muda mrefu huo ndio uliokuwa mlango pekee nchini.

Mlango wa pili ulifunguliwa Eldoret, ambako Chuo Kikuu cha Moi kilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka 1990, kwa ushirikiano na mabingwa wa magonjwa ya ndani kutoka Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani. Tangu mwanzo, chuo hicho kiliwataka wanafunzi wakakae vijijini kama sehemu ya masomo. Miaka kumi baadaye wodi za Eldoret zilijaa wagonjwa wa Ukimwi waliokuwa wakifa bila dawa. Daktari Joe Mamlin, mmoja wa wakufunzi hao wa Indiana, alimkuta kitandani mwanafunzi wa udaktari wa chuo hicho hicho, amekonda, yuko karibu kufa. Dawa zilitafutwa, kijana akapona. Mwaka 2001 walimu hao na wenzao wa Moi walianzisha AMPATH, mpango ambao umewatibu watu kwa maelfu katika magharibi mwa Kenya. Huduma hiyo kubwa ilizaliwa katika wodi ya kufundishia, na watu waliokuja kufundisha.

Mfano wa tatu uko karibu zaidi na Gesima. Ukitoka Keroka, ukapita Sotik, utafika Bomet, na karibu na mji huo iko Hospitali ya Tenwek. Ilianza mwaka 1937 kama kituo kidogo cha wamishonari. Daktari wake wa kwanza, Ernie Steury, aliwasili mwaka 1959, na kwa miaka mingi alifanya kazi peke yake. Leo Tenwek hulea madaktari wanagenzi, mabingwa wa upasuaji na mabingwa wa tiba ya familia. Chuo Kikuu cha Moi kilipoanza kufunza ubingwa wa tiba ya familia mwaka 2005, hospitali za misheni na za wilaya ndizo zilizokuwa madarasa yake, na baadaye Chuo Kikuu cha Kabarak kikafuata njia hiyo. Hospitali iliyozungukwa na mashamba ya mahindi na chai imethibitisha kwamba inaweza kumtoa bingwa kamili. Hoja ya kwamba jambo hilo haliwezekani nje ya jiji imeishiwa nguvu.

Kisii nayo haianzi patupu. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii ina zaidi ya karne moja, na wagonjwa wake hutoka Gusii, Nyanza Kusini na sehemu za Bonde la Ufa. Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopata hati yake ya kujitegemea mwezi Februari 2013, huwafunzia wanafunzi wake wa udaktari katika hospitali hiyo. Chuo cha Mafunzo ya Matibabu cha Kenya, KMTC, kina kampasi zake Kisii na Nyamira kwa ajili ya wauguzi na maafisa wa kliniki. Msingi upo. Ngazi inayotakiwa kuimarishwa ni ile ya juu, ya bingwa anayelelewa hapa na kubaki hapa.

Wageni na mashine

Serikali imejaribu njia za mkato, nazo zimetufundisha jambo. Mwaka 2015 ilianza mpango wa kukodi vifaa vya kisasa kwa hospitali mbili katika kila kaunti: mashine za kusafisha damu, vitanda vya wagonjwa mahututi, vyombo vya upasuaji na picha. Miaka michache baadaye, kamati ya Seneti iliyochunguza mpango huo ilikuta baadhi ya vifaa vimekaa bila kutumika, na sababu mojawapo ilikuwa uhaba wa wataalamu wa kuvitumia. Mashine ya kusafisha damu huokoa mtu pale tu ambapo yuko daktari anayejua nani awekwe, lini, na chumvi za damu yake zikoje.

Mwaka 2018 wakaja madaktari bingwa 100 kutoka Cuba, wakagawanywa kwenye kaunti, huku Wakenya 50 wakipelekwa Cuba kusomea tiba ya familia. Wapo wagonjwa wengi waliotibiwa na wageni hao, na wanastahili shukrani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni ana kwao. Mwezi Oktoba 2023 serikali ilitangaza kwamba haitauendeleza mkataba huo, na pengo likabaki pale lilipokuwa.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo yake kuhusu kuwabakiza wahudumu wa afya vijijini mwaka 2010, likayapitia upya mwaka 2021. Miongoni mwa hoja zake kuu zimo hizi mbili: wachukuliwe wanafunzi waliotoka vijijini, na wafunzwe karibu na vijiji hivyo. Marekani, ambako hospitali za jamii zimekuwa zikilea mabingwa kwa muda mrefu, zaidi ya nusu ya madaktari wanaomaliza ubingwa hubaki kufanya kazi katika jimbo lile lile walikojifunzia. Sababu inaeleweka. Miaka mitatu au minne ni umri wa kuoa au kuolewa, kupata watoto, kununua kiwanja, kujuana na wauguzi kwa majina. Anayeishi miaka hiyo Nairobi atajenga Nairobi. Anayeishi miaka hiyo Kisii au Nyamira ana kila sababu ya kujenga hapa.

Chuo bila majengo

Wapasuaji wa ukanda wetu walilitambua hilo mapema. Mwaka 1999 waliunda COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ambacho hakina kampasi ya wanafunzi. Mwanafunzi hubaki katika hospitali iliyokaguliwa na kuidhinishwa, akifunzwa na wapasuaji waliopo, kisha hufanya mtihani mmoja na wenzake wa nchi zote. Mabingwa wa magonjwa ya ndani wakafuata mfano huo kwa kuunda ECSACOP, ambamo Kenya, Uganda, Malawi, Zambia na Zimbabwe ni miongoni mwa wanachama. Mafunzo yake huchukua miaka minne. Daktari hujifunza akiwa kazini, na ubora wake hupimwa na watahini kutoka nje ya hospitali yake.

Kwa kaunti kama Nyamira, utaratibu huu una faida ambayo mhasibu yeyote ataiona. Daktari akiondoka kwenda kusoma jijini, kaunti huendelea kumlipa mshahara huku wodi ikibaki bila mtu. Akisomea hapa, mshahara ule ule unamleta wodini kila asubuhi.

Wapo wanaohofia ubora, na hofu yao ni ya haki. Hospitali yenye bingwa mmoja aliyechoka haiwezi kuitwa chuo. Mwanafunzi asiyesimamiwa hujifunza makosa na kuyarudia kwa ujasiri. Kwa hiyo yako masharti ambayo hayafai kulegezwa. Kila hospitali ya mafunzo iwe na mabingwa kadhaa, na saa za kufundisha ziandikwe katika mikataba yao ya kazi, zisitegemee hisani. Maabara iweze kuotesha vijidudu vya damu na maji ya uti wa mgongo, na kipimo cha umeme wa moyo na ultrasaundi vipatikane usiku na mchana. Wanafunzi wawe wachache mwanzoni. Na kwa yale yasiyopatikana hapa, wapelekwe Eldoret au Nairobi kwa miezi michache, kisha warudi.

Sharti jingine ni malipo. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2024 ulidumu siku 56. Uliwashwa na suala la wanagenzi, ambao mkataba wa pamoja ulikuwa umewapa takriban Sh206,000 kwa mwezi huku serikali ikitaka kuwalipa Sh70,000. Lakini miongoni mwa madai pia kulikuwa na malipo ya madaktari wanaofanya kazi katika hospitali za umma huku wakisomea shahada za juu. Mtu anayekesha na wagonjwa mahututi ni mfanyakazi, hata kama asubuhi ana kipindi darasani. Mpango wowote wa Gusii utakaomtaka asome kwa kujilipia na atibu bila mshahara utawavuta wenye pesa peke yao, na kijana aliyesomeshwa kwa majani chai ya wazazi wake atabaki nje.

Fedha zinaweza kupatikana. Sheria ya mwaka 2023 kuhusu ufadhili wa uboreshaji wa vituo inaziruhusu hospitali za umma kubakiza mapato yao na kuyatumia papo hapo, ilhali zamani yalipotelea katika mfuko mkuu wa kaunti. Kisii na Nyamira zikiunganisha nguvu, mabingwa wachache wa kila upande wanatosha kuunda idara moja ya kufundishia: Kisii kama kitovu, Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira kama mkono wake wa pili, na hospitali za kaunti ndogo kama mahali pa kliniki. Keroka, mji uliokaa juu ya mpaka wa kaunti hizi mbili, unatukumbusha kila siku ya soko kwamba mgonjwa haulizi ameuvuka mpaka gani.

Katika mpango huo, mwanafunzi wa ubingwa angefika Gesima kwa utaratibu maalumu kuendesha kliniki ya presha na kisukari pamoja na afisa wa kliniki na muuguzi wa hapo. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao tangu 2023 wamepewa mikoba yenye vipimo vya presha na sukari, wangejua jina la daktari wa kumpelekea waliyempata. Afisa wa kliniki angejifunza kutambua moyo uliochoka kabla miguu haijavimba, na yule mama wa miaka 62 asingelazimika kupitia mikono ya watu watano kabla ya mmoja kumtazama shingo.

Neno kwa wenye mamlaka na kwa wasomaji

Waheshimiwa wa mabunge ya kaunti za Kisii na Nyamira hujadili bajeti kila mwaka, na kila mwaka barabara, majengo na ambulensi hupata nafasi yake. Naomba safari hii wauandike mstari mwingine: nafasi za madaktari wanaosomea ubingwa wa magonjwa ya ndani katika hospitali zetu, wenye mshahara, wenye walimu, na wenye mkataba wa kuitumikia Gusii kwa miaka inayojulikana baada ya kuhitimu. Waanze na wanne. Magavana wa kaunti hizi mbili wakae meza moja na Chuo Kikuu cha Kisii, wawaite ECSACOP na Baraza la Madaktari waje wakague, na watekeleze watakayoambiwa yamepungua.

Nawe msomaji, ukilazwa au ukimpeleka mzazi wako, na asubuhi ukaona kundi la madaktari vijana limezunguka kitanda likiuliza maswali mengi, wavumilie na uwajibu. Na siku ya kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti, nenda. Uliza ni madaktari wangapi wa magonjwa ya ndani kaunti yako inawalea mwaka huu, wanalelewa wapi, na nani amepewa jukumu la kuwafundisha.